Mfuniko wa Kichwa cha Fundi Paa

Hakuna fuvu lililowahi kufunguliwa katika hospitali ile bila mkono wa Mama Koleo. Ndivyo alivyokuwa akiwaambia wauguzi wapya, uso ameukaza, mpaka waanze kumpisha mlangoni. Halafu anamalizia mwenyewe: "Mkono wenyewe ndio huu wa kuosha beseni."

Lakini mkono wa kuosha beseni nao una elimu yake. Mama Koleo alifika darasa la saba, akapewa cheti, na cheti kikaliwa na mchwa. Elimu iliyobaki aliipata kwa miaka thelathini na mmoja kwenye chumba cha mvuke, nyuma ya chumba cha upasuaji, akiosha vyombo, akivipanga, akivifunga kwenye vitambaa na kuvipika ndani ya mashine. Vyombo vya kichwa alivijua kama mtu anavyozijua sufuria zake, ipi inashika chini na ipi mkono wake unacheza. Palikuwa na kekee ya kuzungusha kwa mkono, ndugu wa kekee ya seremala, ila seremala akikosea hununua ubao mwingine. Daktari hutoboa nayo matundu manne au matano, kwa kituo, kwani ncha ikipita mfupa kwa pupa inaingia kwenye ubongo, na ubongo hauna kiraka. Kisha hupenyeza kijiti bapa chini ya mfupa, kutoka tundu hili hadi lile, na nyuma ya kijiti hufuata waya wenye meno, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Hapo hushika vipini viwili, akavuta huku na huku, na mwenzake anadondosha maji ili mfupa usiungue. Waya ule hukata kwa mshazari. Si bahati mbaya. Ukingo ukilala hivyo, siku ya kurudisha kipande kinakaa kama mfuniko wa chungu, hakizami ndani.

Waya huo Mama Koleo ameusugua kwa brashi, jino baada ya jino, mara zisizo na hesabu, na hakuwahi kujiuliza umetoka kwenye kichwa cha nani. Mpaka siku aliyoletwa Fundi Paa.

Fundi Paa ni mdogo wake, tumbo moja, ubishi mmoja. Alikuwa amepigilia mabati tangu ujana na hakuwahi hata kuteleza. Siku hiyo simu ililia mfukoni akiwa juu ya ghala, akanyoosha mkono kuitafuta, na mguu nao ukatafuta pa kwenda. Ubongo ulivimba. Daktari wa vichwa, ambaye wote walimwita Kipara akiwa hayupo, alimfungua upande wa kushoto, akatoa damu iliyoganda, na kipande cha mfupa chenye ukubwa wa kiganja hakukirudisha, ili ubongo uliovimba upate pa kupumulia. Alishona ngozi peke yake. Mfupa aliutunza tumboni kwa mgonjwa mwenyewe. Alikata kidogo karibu na kitovu, akafungua kimfuko kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, akauweka humo, akashona. Hospitali nyingine huweka kwenye friji, lakini friji ya hapa ilitegemea umeme, na umeme ulimtegemea Mungu.

"Mimi ndiye mtu pekee mtaani ninayebeba kichwa tumboni," alikuwa akisema Fundi Paa alipopata nafuu. "Ndiyo maana nikishiba nafikiri vizuri."

Mwezi wa kwanza watu walicheka. Mwezi wa tano Mama Koleo hakuwa na cheko lililobaki.

Alikuwa mjane mwenye vyumba viwili. Kitanda alimwachia mdogo wake, yeye akahamia kwenye mkeka. Kichwani kwa Fundi Paa palikuwa na shimo la kutosha kulaza chungwa, na ngozi iliyolifunika ilipanda na kushuka kama inapumua yenyewe. Chini yake palikuwa na utando tu, na chini ya utando ndiye mtu mwenyewe. Kwa hiyo alivaa kofia yake ngumu ya ujenzi, ya njano, tangu anaamka mpaka analala, hata mezani. Hakuruhusiwa kuinama wala kubeba kitu, na kuoga ilikuwa lazima asimamiwe asije akateleza. Mama Koleo aliamka saa kumi alfajiri, akamwandalia, akaenda kazini, akarudi jioni miguu imevimba kama mikate, akapika, akafua, akamkata kucha. Usiku kila kitanda kilipolia alishtuka.

Na Fundi Paa alijifunza haraka faida za kukosa mfupa.

"Dada, usinipandishie sauti. Mwenzako niko wazi."

"Nimekuuliza tu kama umekunywa dawa."

"Umeniuliza kwa nguvu. Nimesikia upepo humu ndani."

Majirani walimpa Mama Koleo pole na methali. Mmoja alimwambia, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akamjibu kwamba huyu wake amenyolewa upande.

Siku ya kumrudishia mfupa ilipangwa mara tatu. Mara ya kwanza oksijeni ilikwisha. Mara ya pili mashine ya mvuke ilikataa kupanda moto, na Mama Koleo aliipiga teke mbele ya watu, jambo ambalo hakulijutia. Mara ya tatu Fundi Paa alikohoa usiku kucha, kikohozi cha kutisha, wakamrudisha nyumbani. Kikohozi kilipona getini.

Kipara alimwita Mama Koleo pembeni. Alikuwa mtu mpole, naye amechoka kwa namna yake, koti limemning'inia mabegani kama limeanikwa.

"Mama, nimempapasa tumbo ndugu yako. Mfupa umeanza kulika kingo. Ukikaa bila kazi, mwili unauona chakula. Tukichelewa zaidi, mfuniko utakuwa mdogo kuliko chungu."

"Tufanye lini, mwanangu?"

"Ijumaa. Jumamosi nasafiri kwenda masomoni, mwaka mzima. Baada yangu hapa hakuna mwingine wa vichwa. Akitoka kwenye orodha ya Ijumaa, mtanisubiri mwaka, au mtafute mji mwingine."

Mwaka. Mama Koleo alikwenda nyuma ya chumba cha mvuke, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajaribu kuhesabu mwaka una siku ngapi za kuamka saa kumi. Akaishia njiani. Alijua tu kwamba yeye hana siku hizo.

Alhamisi Fundi Paa alilazwa. Kwenye chuma cha kitanda chake wakaning'iniza kadi nyeupe yenye herufi nyekundu: ASILISHWE. Kadi ile ilikuwa amri ya Bwana Usingizi, mtu wa kuwalaza wagonjwa kwa dawa, ambaye miaka mingi nyuma alimlaza mtu aliyedanganya kwamba hajala. Chakula kilimpanda yule mtu akiwa usingizini, kikaingia mapafuni, wakampoteza mezani hata kisu hakijamgusa. Tangu hapo Bwana Usingizi alikuwa na sheria moja. Aliyekula ndani ya masaa sita anafutwa kwenye orodha, anarudi nyumbani. Hakujali ni nani. Aliwahi kumfuta mkwe wake mwenyewe, ingawa wengine walisema hilo alilifanya kwa furaha.

Ijumaa alfajiri Mama Koleo aliondoka kwenye benchi alilolalia, akaenda kupika vyombo. Aliporudi wodini saa moja, mdogo wake alikuwa amelala chali, kofia ya njano juu ya kifua, ametulia kupita kiasi. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mzee aliyevunjika mguu, anasubiri kuwekewa vyuma siku ya Jumatatu.

"Mama, hebu nisaidie," alisema yule mzee. "Mimi nimekosa nini humu? Uji umepita saa kumi na mbili, kila mtu kapewa. Mimi naambiwa soma kadi yako. Nisome na macho gani, miwani nimeiacha nyumbani. Tangu jana jioni sijatia kitu mdomoni."

Mama Koleo akatazama. Kadi ya ASILISHWE ilikuwa inaning'inia kwenye kitanda cha mzee. Kwenye kitanda cha mdogo wake palikuwa na chuma kitupu. Akafunua shuka. Makombo ya mkate.

"Wewe," akasema taratibu.

"Dada, usinipandishie..."

"Sijapandisha."

Na kweli hakupandisha. Alikung'uta shuka, akarudisha kadi mahali pake, akaketi ukingoni mwa kitanda, akavua kiatu kimoja, akakiacha kining'inie kwenye vidole vya mguu. Fundi Paa alikuwa amejiandaa kwa kelele. 

"Mara ya kwanza sikujua kitu," alisema mwishowe, anaongea na dari. "Niliamka ikawa imekwisha. Sasa nataka kuingia na miguu yangu, nimwone mtu anashika ile kekee. Dada, mimi nimetoboa mbao maisha yangu yote. Najua sauti yake."

"Leo hawatoboi kama siku ile. Watafungua palepale penye kovu. Ngozi imegandamana na utando, wataibandua polepole kama karatasi iliyonata, isichanike. Watatoa mfupa tumboni, wataukosha. Vitundu vidogo tu kwenye kingo, vya kupitisha uzi wa kufungia, na uzi mmoja katikati wa kuuvuta utando juu, damu isipate pa kukusanyika. Sauti hutaisikia, utakuwa umelala."

"Na nikilala jumla?"

Mama Koleo alikuwa na majibu ya swali hilo, matamu na ya kuchekesha, aliyowapa ndugu za watu wengine kwa miaka. 

"Sijui," akasema. "Mimi nimechoka, mdogo wangu. Ukinirudisha nyumbani na kofia hiyo mwaka mwingine, utanizika mimi kwanza, na shughuli yangu nani ataipika?"

Hakusema kwa hasira, na hicho ndicho kilichomwumiza Fundi Paa. Akafumba macho. Kabla hajajibu, Bwana Usingizi aliingia na karatasi zake, miwani kwenye ncha ya pua.

"Fundi, umekula chochote?"

"Tangu jana jioni sijaonja hata mate yangu," Fundi Paa akajibu, haraka, kama mtu anayeruka kutoka juu kabla hajabadili nia.

Bwana Usingizi akaandika. Akamtazama Mama Koleo, na Mama Koleo akakitazama kiatu. "Saa tatu tunaanza," akasema, akaenda zake.

"Umeona?" Fundi Paa alinong'ona, anajaribu kutabasamu. "Nimekubali. Nakwenda. Usichoke tena."

Ndugu huyu, hata akitenda wema, anautenda kwa namna ya kukuua. Mama Koleo alisimama na kiatu kimoja. Akisema kweli, jina linafutwa, na mwaka mzima unamngoja mlangoni na kofia ya njano. Akinyamaza, uji wa saa kumi na mbili utakuwa bado tumboni saa tatu. Alikumbuka yule mtu aliyekufa mezani. Beseni za siku ile aliziosha Mama Koleo mwenyewe, na zilikuwa safi, hazijatumika.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yeye alihitaji ya masaa sita tu.

Alimkuta Kipara anakunywa chai ya kusimama.

"Daktari, samahani. Kifurushi cha vyombo vya kichwa kimetoka na unyevu."

Kipara akashusha kikombe. Hilo halikuwa na mjadala. Kitambaa chenye unyevu hupitisha vijidudu, kifurushi chake hakifunguliwi, kinafungwa upya na kupikwa tangu mwanzo, na mashine ile ilipika kwa mwendo wa bibi harusi.

"Mpaka saa ngapi?"

"Saa saba hivi. Saa nane."

"Basi leo tena imeshindikana," alisema, na mabega yakashuka zaidi. "Chumba hakiwezi kukaa kitupu asubuhi nzima. Daktari wa mifupa atakitaka."

"Mpe," Mama Koleo akasema upesi. "Ana mzee wake wa mguu, vyombo vyake viko tayari tangu jana. Akimaliza yeye, tunaingia sisi."

"Huyo si wa Jumatatu? Atakuwa amekula."

"Hajala. Tangu jana jioni."

"Kwa nini hajala?"

"Wazee, mwanangu. Wakati mwingine hamu inakataa."

Ikawa hivyo. Mzee wa mguu, ambaye hamu yake ingemaliza sufuria, alishangaa kuona foleni imemgeuka akawa wa kwanza. Alipitishwa kwenye machela akiuliza kama ndani kuna chai.

Mama Koleo akarudi kwenye chumba cha mvuke, akafunga mlango. Kifurushi kilikuwa rafuni, kikavu kama karatasi, hakina kosa lolote. Aliwaza akirudishe kwenye mashine, angalau uongo uwe na moshi wake. Akaketi kwanza kwenye kiti kifupi, mgongo kwenye ukuta wenye joto, apumzishe miguu kidogo tu. Bomba lilikuwa linakoroma. Ndani ya chumba kile hapakuwa na kitanda kinacholia, wala kofia, wala mtu anayesikia upepo kichwani. Mara ya kwanza kwa miezi mitano alilala usingizi wa mtu asiye na ndugu.

Aliamshwa na mlango kugongwa.

"Mama Koleo, saa tisa hiyo. Mgonjwa yuko mezani. Vyombo."

Akainuka, akakamata kifurushi, akatoka mbio, kofia ya nguo imemwendea upande. Hakukumbuka kitu kingine chochote.

Fundi Paa alikuwa chali chini ya taa kubwa, kichwa kimenyolewa, macho wazi. Bila kofia alionekana mdogo. Kipara alikuwa ameshaosha mikono, ameiinua mbele ya kifua. Bwana Usingizi alisimama kichwani pa mgonjwa na barakoa ya mpira mkononi, bado hajamfunika. Muuguzi wa vyombo alipokea kifurushi na, kama ilivyo desturi ya chumba kile kabla ya kukata utepe, akasoma kwa sauti kilichoandikwa juu yake.

"Vyombo vya kichwa. Mistari ya utepe imebadilika rangi, mvuke umefika. Kimepikwa leo Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi. Sahihi, Koleo."

 Mashine ya kupima mapigo ya moyo ya Fundi Paa iliongeza mwendo, peke yake.

"Saa kumi na mbili?" Kipara aliuliza. "Si ulikirudia, mama?"

"Nilikirudia. Nimesahau kubadili utepe."

Muuguzi alikigeuza kifurushi upande wa pili. "Ukirudia unafunga kitambaa kipya. Hiki ndicho nilichokukuta unakifunga jana."

Mama Koleo akaishika kofia yake ya nguo, akaiweka sawa. 

Bwana Usingizi alimwangalia. Kisha akaitazama saa ya ukutani, akaanza kukunja vidole, mkono wa kwanza wote, na wa pili mpaka karibu na mwisho.

"Yule mzee wa mguu," alisema, "nilipokuwa namlaza asubuhi aliniuliza amenyimwa uji kwa kosa gani. Nikadhani ni dawa inaongea. Kumbe kadi yangu ilikuwa imehama kitanda." Akashusha mikono. "Kumi na mbili mpaka sasa ni masaa tisa. Masaa tisa hata kokoto ingekwisha kushuka. Nitamlaza. Lakini karatasi yangu nimeandika uongo, na sipendi kulaza mtu juu ya uongo. Dada Koleo, ulikuwa uji mtupu, au na kitu?"

"Uji gani tena?" akasema Mama Koleo, akashangaa vizuri kabisa, mikono yote miwili kifuani.

"Na mkate," akasema Fundi Paa kutoka mezani. "Dada ndiye aliyekung'uta makombo."